Shauri la Nyumba

Kazi yangu tangu ujanani ilikuwa uashi, na katika Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia Kuze hata Kibokoni, ni michache mitaa ambayo sikushika kuta zake. Na kwa kuwa umri wangu mwingi niliutumia kuwajengea wenzangu ilhali mimi na ahli zangu tumo katika nyumba ya kodi, siku nilipojaaliwa akiba ya kutosha kila aliyenijua alidhani kwamba kujenga ndiko kusikokuwa na mjadala, maana fundi hanunui awezacho kukitenda kwa mikono yake. Mimi sikuliona hivyo, na sababu zangu zilitoka ndani ya kazi yenyewe.

Nilifunzwa uashi kwa chokaa, kabla kiwanda cha Bamburi hakijaanza kutoa saruji mwaka 1954. Matumbawe yalipangwa juu ya magogo yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa ilale muda mrefu, kwani, kama alivyozoea kutuambia ustadhi wangu, chokaa ya haraka humwaibisha aliyeipaka. Kuta zilikuwa nene, na juu yake tulilaza boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka Lamu. Na madhali boriti haistahimili mzigo ikipita sana dhiraa sita, vyumba vya wazee wetu vikawa virefu na vyembamba, si kwa ufukara wala kwa uchache wa maarifa, bali kwa kipimo cha mti wenyewe. Saruji ilipoenea, watu wakaanza kuipiga lipu juu ya kuta hizo, nayo huuzuia unyevu usitoke, chumvi ikajikusanya ndani, na baada ya masika kadhaa lipu ikabanduka pamoja na uso wa jiwe. Sehemu kubwa ya riziki yangu ya baadaye ilitokana na kuibomoa lipu hiyo na kuirudisha chokaa mahali pake.

Kujenga kulinidai ardhi na wakati. Ardhi ya Mombasa ina dhiki yake ya tangu zamani, kwani sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani wathibitishe madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali; na wako wengi, Majengo na kwingineko, wanaomiliki nyumba bila ardhi, kuta zao na kiwanja cha mwingine, wanayemlipa kodi kila mwezi, naye aghalabu hakubali pasimame jengo la mawe la kudumu. Nimewajengea watu nyumba za udongo na fito juu ya viwanja vya namna hiyo, nikashuhudia kiwanja kikiuzwa na mwenye nyumba asiwe na kauli. Kwa hiyo nilipopewa nafasi ya kiwanja kama hicho sikuitaka. Ama wakati, watu husema fundi hujijengea bure, na hilo si kweli hata kidogo: kila siku anayoitia katika ukuta wake ni siku ya ujira iliyopotea, na kodi ya nyumba anayoishi haisiti kumngojea.

Nyumba niliyoonyeshwa ilikuwa ya mawe, ya ghorofa moja, yenye zidaka na daka la kukaa wageni. Niliiendea makusudi wakati wa masika, ambapo nyumba haiwezi kuficha aibu yake, nikagonga ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, maana hapo ndipo uozo na mchwa huanzia. Chache za chumba cha juu zilikuwa zimeliwa. Zilizobaki zilikuwa nzima. Kazi ya kuzibadilisha zile mbovu niliimudu.

Lililonishughulisha zaidi lilikuwa mirathi. Mwenye nyumba alifariki akaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mjane akawa na thumni, kila binti thumni, na kila mwana thumni mbili. Lakini mmoja wa wale wana naye akafariki kabla ya mali kugawanywa, na fungu lake likavunjika upya: mama yake sudusi, mkewe thumni, na baki kwa watoto wake, ambao walikuwa bado wadogo. Dalali alinihimiza nilipe, kwa kuwa mwana aliyebaki, mkubwa wao, ameridhia. Nami nikamjibu kwamba ridhaa ya mmoja haiuzi haki ya mwingine, sembuse haki ya yatima. Binti mmoja alikuwa Unguja, ikabidi angojewe. Mke wangu, aliyechoshwa na nyumba ya kodi, aliniuliza, "Baba, hivi kuta hizo zitatusubiri?" Nikamwambia, "Mama, zimesubiri miaka mingi kabla yetu."

Zikatusubiri. Kadhi aliandika mgao, fungu la watoto likahifadhiwa kwa idhini yake, warithi wote wakatia sahihi, na boriti mbovu nikazibadilisha mwenyewe. Naamini mpaka leo kwamba kununua kulinifaa kuliko kujenga. Nawe ndugu unayetaka nyumba ya mirathi, nakusihi uanzie kwa kadhi, uutake mgao kwa maandishi, na uwapate warithi wote hata aliye ng'ambo ya bahari. Ndipo umwite mwashi akugongee boriti.