Wateja Wangu Wanataka Gari Tupu

Kazi yangu ni kuunda bodi za kirikuu hapa Buguruni, na karibu kila mteja anakuja na gari lilelile: Suzuki Carry ya mtumba kutoka Japani, injini ya cc 660, ambayo sheria ya huko inairuhusu kubeba kilo 350. Hakuna anayeiacha hivyo. Muuza kuku anataka vizimba vya wavu vya ghorofa na sakafu yenye mteremko, maji yatokee nyuma. Wa mikate anataka sanduku la bati lisiloingiza vumbi. Wa magodoro anataka mabomba yapande juu ya kichwa cha gari. Na wengi wanaongeza jani la springi, maana kwa kilo 350 safari hailipi.

Mwaka 2025 kampuni ya Slate ya Marekani ilipoonyesha pikapu ndogo ya umeme, haina redio, vioo ni vya kuzungusha kwa mkono, bodi ni ya plastiki isiyopakwa rangi ili mwenyewe aimalizie, nilifurahi kwelikweli. Ndani ya wiki mbili zilitajwa oda zaidi ya 100,000. Ila kila oda ilikuwa ya dola 50, tena zinazorudishwa. Mimi soko nalipima kwa advansi: mtu akitoa hela ya bati na bomba kabla sijawasha mashine, huyo ndiye mnunuzi.

Wanunuzi wa namna hiyo tunao, na umbali si tatizo kwao. Kirikuu kinachozunguka Ilala, Mabibo na Kariakoo hakimalizi kwa siku kilomita 240 ambazo Slate iliahidi kwa chaji moja. Mitsubishi ilianza kuuza Japani, mwaka 2013, kigari cha mizigo cha umeme cha kilomita 110, na hata hicho kingewatosha wengi. Na kinachowavuta kwenye umeme ni gharama ya mafuta: dereva wetu anaweka mafuta kwanza, hesabu ya tajiri baadaye, chake mwisho.

Wanachoniuliza wateja ni betri: ikifa, nani ataifungua? Mimi nina swali langu: nichomelee wapi? Kwenye gari la petroli natoa kwanza waya wa betri, nisije nikaunguza kontroo boksi. Betri kubwa ikilala chini ya sakafu, hilo halitoshi. Drili ikipenya kidogo tu, unaweza kuwasha moto mgumu kuzima. Kiwanda kinacholitaka soko hili kitoboe chenyewe matundu ya bolti kwenye chesesi, na kichore waziwazi mahali ambapo drili haipiti. Vizimba vya kuku nitaviunda pembeni na kuvifunga kwa bolti, na tajiri akihamia mikate, navifungua jioni hiyohiyo.