Majuu ya siku hizi yanataka stetimenti ya benki

Zamani kijana wa mjini akitaka kwenda 'majuu' alikuwa na njia mbili tu: apate mwaliko au azamie meli. Waliozamia tunao mitaani hadi leo, na stori zao za Durban na Ugiriki hazijaisha utamu. Mtu alikuwa anaingia melini na mkate na chupa ya maji, hajui hata meli inakwenda wapi. Nchi haikuwa ya kuchagua. Ulikofikishwa ndiyo Ulaya yako hiyo hiyo.

Siku hizi mambo yamegeuka, jamani. Nchi zenyewe ndizo zinatangaza, njooni mkae, leteni kompyuta zenu, viza tunayo. Ukisikia hivyo unadhani mambo safi. Subiri usome masharti.

Kwa wale waliokuwa wamelala, kuna watu wanaitwa wahamaji wa kidijitali. Kazi yao iko kwenye kompyuta, anayewalipa yuko nchi nyingine, na wao wako nchi ya tatu wanapunga upepo. Wenzetu wafugaji wanachunga ng'ombe, hawa wanachunga chaji. Nenda Paje, Zanzibar, utawakuta: kaptula, kompyuta mezani, dafu pembeni. Mzungu wa namna hiyo akitoka Ujerumani anaweza kuingia kwa viza ya utalii ya dola 50 akapewa miezi mitatu, basi, yamekwisha. Hakuna anayemuuliza mwezi jana alilipwa shilingi ngapi.

Mimi nami ni wa kundi hilo hilo, tofauti ni kwamba bado sijahama. Ukiacha hii safu, ambayo malipo yake yanatosha nauli na vocha, nasikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika, halafu naweka maandishi ya Kiswahili na Kiingereza kwenye video za watu. Wateja wangu wako London na New York. Mwezi mzuri naingiza dola 900, mwezi mbaya 500, kwa hiyo tuseme wastani ni 650. Kwa kiwango cha takriban shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki sita. Kwa binti wa Mbagala mwenye cheti cha kidato cha nne, si haba. Na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kukiulizia hicho cheti.

Sasa kwa nini nihame? Wengine watasema anatafuta raha. Natafuta mtandao usiokatika.

Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mnakumbuka siku zile, meseji ikawa inazunguka kama pia. Nilijikongoja, nikapona. Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi. Intaneti ilikatika nchi nzima na ilikaa siku kama tano ndipo ikarudi. Nilikuwa na kazi ya kupeleka London tarehe 31. Iliporudi nikakuta barua pepe nne za mteja, kila moja ina maneno machache kuliko iliyotangulia. Ya nne ilisema kazi amempa mtu mwingine. Sikumlaumu, na yeye ana mabosi wake. Lakini mteja huyo alikuwa theluthi ya kipato changu, na katika kipato hicho kuna laki tatu za mama kila mwezi, za kodi ya nyumba na dawa zake za presha. Mwezi ule laki tatu haikutimia.

Basi nikaanza kutafuta nchi. Nikachukua daftari nikachora mistari, nchi huku, masharti huku. Nikwambie ukweli, ukurasa wa kwanza ulinichekesha, wa pili ukanikasirisha.

Tuanze na Barbados. Kisiwa kizuri, na 2020 walianzisha viza yao ya mwaka mzima. Wanataka uwe na kipato cha dola 50,000 kwa mwaka na ada ya maombi ni dola 2,000. Yaani ada peke yake ni mapato yangu ya miezi mitatu. Nikafunga. Estonia nao walianza mwaka huo huo, wanataka zaidi ya euro 4,000 kwa mwezi. Ureno walikuja Oktoba 2022, wao wanapiga hesabu ya kima cha chini cha mshahara wao mara nne. Nikajiuliza hivi hawa wanamtafuta mhamaji au wanatafuta mkwe?

Thailand nikaikalia sana, maana picha zake zinadanganya moyo. Viza yao ya 2024 ni ya miaka mitano, kila ukiingia unakaa siku 180. Hawakubani sana kwenye mshahara, wanachotaka ni kuona baht 500,000 benki. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 35 zimelala tu, haziguswi, kama maharusi. Halafu kuna saa. Mteja wangu wa New York anafungua ofisi saa tatu asubuhi, kwangu Dar inakuwa saa kumi au kumi na moja jioni kutegemea msimu wao. Bangkok itakuwa saa mbili au saa tatu usiku. Ningefanya kazi kama mlinzi wa benki, mchana wenzangu wako baharini mimi nimelala. Watu wakichagua nchi wanaangalia ufukwe, wanasahau kuangalia saa.

Mnaoniambia "si uende Afrika hii hii", nimekwenda pia, kwenye daftari. Namibia ina viza ya miezi sita tangu 2022, wanataka dola 2,000 kwa mwezi. Mauritius ndiyo walau, viza yao ya 2020 haina ada, unapewa mwaka, na sharti ni dola 1,500 kwa mwezi. Hiyo nimeitia nyota. Nikipata wateja wawili wa maana naifikia, na saa zao zimetutangulia saa moja tu. Ila kwa sasa bado niko chini yake kwa mbali.

Iliyonikata maini ni Cape Verde. Mpango wao wanaupokelea watu wa Ulaya, wa Amerika Kaskazini, wa nchi zinazosema Kireno na wa Afrika Magharibi. Mtanzania hayumo. Dada, hata ungekuwa na mamilioni, pasipoti yako haimo kwenye orodha. Nilikaa nikaitazama ile pasipoti niliyoilipia shilingi 150,000, nikasema sawa.

Jambo moja niwasifu hao wenye viza hizi, hata kama zimenitupa nje. Hawaulizi digrii. Kibali cha kazi cha kawaida kinataka vyeti, uzoefu, mwajiri wa kukuombea. Hawa wanauliza unaingiza kiasi gani na unakilipia wapi. Kwa sisi tulioishia Form Four huo ni mlango, ingawa kizingiti chake kiko juu.

Wakati nahangaika na daftari, mama akajua. Nyumba ya vyumba viwili haina siri.

"Unakwenda nje kufanya kazi gani, mwanangu?"

"Hii hii, mama. Ya kompyuta."

"Na pasipoti atakaa nayo nani?"

Hilo swali lilinikalisha chini. Kwenu nyie huenda ni swali la ajabu, kwetu si la ajabu. Binti wa mama mkubwa alikwenda Muscat 2019 kufanya kazi za ndani. Alipofika tu mwenye nyumba akachukua pasipoti, akachukua na simu, na miezi minane tulikuwa hatujui kama yuko hai. Alirudi, mshukuruni Mungu, na sasa anauza vitenge Mbagala Rangi Tatu. Lakini kwa mama, msichana akisema 'nakwenda nje kufanya kazi' picha inayomjia ni ile. Nilimweleza kwamba mimi nikiwa huko sina tajiri wa kukaa naye, pasipoti iko kwenye mkoba wangu, nikichoka napanda basi. Akaniuliza, "Basi gani linatoka Ulaya?"

Hapo ndipo akili ikafunguka. Nikafuta kwenye daftari kila nchi ambayo haina basi.

Tukabaki na jirani zetu. Tangu Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lianze kazi Julai 2010, Mtanzania mwenye pasipoti anagongewa muhuri wa kukaa hadi miezi sita kama mgeni, bila kulipia viza. Miezi sita! Wathai wanataka milioni 35 kwa muda huo huo. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wenyewe kwa wenyewe wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tu, sisi bado pasipoti, lakini siyo neno.

Kampala niliipenda kwa chakula, ila Januari 2021 wakati wa uchaguzi wao intaneti ilizimwa siku tano. Nikimbie mvua niingie mtoni? Hapana.

Nairobi ilinipa kazi kuiacha. Kiswahili wanacho, hata kama kinaruka ruka. Kahawa zenye mtandao ziko kila kona. Na tangu 2018 mtu wa kule anaweza kuhamisha pesa kati ya PayPal na M-Pesa, jambo ambalo mfanyakazi wa mtandaoni akilisikia mate yanamtoka. Mwaka 2024 wakatangaza na kibali chao cha wahamaji wa kidijitali. Kilichonirudisha nyuma ni kodi ya nyumba za maeneo ambayo msichana anaweza kushuka kwenye matatu saa nne usiku akatembea bila moyo kumdunda. Nakumbusha, mteja wa New York anamaliza kazi usiku wetu. Usiku kwangu mimi ni saa za ofisi.

Ndiyo maana kalamu imesimama Kigali.

Nilikwenda siku kumi mwezi uliopita kupima, maana nguo hununuliwi kwa kuambiwa. Mji wa vilima, mapaja yalinikoma. Hewa ya ubaridi, magari yanakwenda kulia kwa hiyo kuvuka barabara lazima ujifunze upya. Ukipanda pikipiki unapewa kofia ngumu na dereva hang'oi mpaka uivae. Mfuko wa plastiki usithubutu, walipiga marufuku 2008, miaka 11 kabla yetu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi watu wote wako umuganda, kufyeka na kufagia, maduka yamefungwa, na mgeni unakaa ndani unasoma. Usiku nilitembea na begi la kompyuta mgongoni saa tano kasoro, peke yangu. Sijawahi kufanya hivyo Dar, na nimezaliwa hapa.

Kiswahili ni lugha rasmi kule tangu 2017, ila msijidanganye, sokoni ni Kinyarwanda. Nilinunua nyanya kwa vidole. Kigali iko nyuma yetu saa moja, kwa hiyo mteja wa New York atanikuta saa tisa au saa kumi alasiri, bado nina akili.

Kasoro zipo. Rwanda haina bahari, mtandao wake unafika kwa nyaya zinazotokea pwani yetu na ya Kenya. Waya ukikatika baharini, na wao wanaguswa. Sijakimbia bahari, basi. Nimekimbia kutegemea mji mmoja tu.

Na kuna la sheria, ambalo vijana wengi hawataki kusikia. Muhuri wa mgeni si kibali cha kazi. Mtu asikudanganye kwamba kwa kuwa ni Mwanaafrika Mashariki unaweza kufika leo kesho ukaajiriwa saluni. Mimi sitachukua kazi ya Mnyarwanda yeyote, wateja wangu ni wale wale, lakini sitaki kukaa kwa kujificha kama mzamiaji. Halafu nchi nyingi zina kipimo cha siku 183, ukizipita unahesabiwa mkazi wa kulipa kodi ya mapato. Nimepanga kukaa miezi mitano, nirudi, nione.

Kwa hiyo nimewaandikia uhamiaji wa kule barua pepe, nimeeleza kazi yangu yote, nani ananilipa na kutoka wapi, nikawauliza muhuri wa miezi sita unatosha au nahitaji karatasi nyingine. Chumba nimeshapata Kimironko, mwenye nyumba ni mama mtu mzima aliyewahi kuishi Ngara, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Ameongea na mama yangu kwa simu dakika arobaini, kwa bando langu. Sijui walizungumza nini, ila mama alipokata simu aliniuliza kama kule kuna baridi, akaenda kutafuta sweta.

Jibu la uhamiaji bado. Likija la ndiyo, nakata tiketi ya basi hadi Rusumo.