Sumu niliyomtegea mwizi wa kuku ilimwua mbwa wa jirani

SIMU ya mama iliniamsha mjini Nairobi alfajiri ya Jumapili moja, wakati ambapo watu wengi bado wamejifunika gubigubi. Hakunisalimu wala kuniuliza habari za watoto. "Mwanangu," alisema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "wamekwisha."

Moyo ulinilipuka paa! Nilidhani nyumba imeungua, au ndugu zangu wamepata ajali katika barabara ya Maua, ambako magari ya miraa hupita mbio kama yanayofukuzwa na shetani. Kumbe waliokwisha walikuwa kuku. Kuku kumi na mmoja kwa usiku mmoja.

Msomaji wa mjini huenda akacheka hapa. Kuku ni nini hata mtu apigiwe simu alfajiri? Lakini nyumbani kwetu Laare, katika milima ya Nyambene, kuku wana historia yao.

Sisi tulilelewa na miraa. Karo, sare za shule, mabati ya nyumba, vyote vilitoka katika miti ile. Kisha Uholanzi ikaipiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza ikafuata mwezi wa Juni 2014. Machi 2020 Somalia nayo ikafunga mlango wake, na haikuufungua tena hadi Julai 2022. Kila mlango ulipofungwa, mkulima wa Laare aliusikia mshindo wake mfukoni.

Mama hakukaa kulia. Alinunua mitetea sita, akaongeza jogoo wa mbegu bora ya kienyeji, na kufikia mwaka uliofuata uani hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Mayai yalimnunulia dawa za shinikizo la damu. Majogoo yalimlipia karo kitindamimba wetu. Kwa hivyo, mama aliposema wamekwisha, nilielewa alichomaanisha.

Nilifika nyumbani Jumatatu jioni. Mama alikuwa amewahifadhi wafu wale katika gunia ili nijionee. Kuku kumi walikuwa wazima kabisa, ila vichwa na shingo zao zilikuwa zimetafunwa. Mmoja tu ndiye aliyekuwa ametoweka.

Majirani walijaa uani kama waliokuja matangani, kila mtu na ushauri wake. Mmoja alisema ni mwizi, lakini ni mwizi gani anayeua kumi ili abebe mmoja? Mwingine alisema ni jicho la hasidi. Wa tatu aliapa kwamba ni mwewe, akasahau kuwa mwewe hulala usiku kama wewe na mimi.

Kisha wote wakanigeukia mimi. Nilisomea uandishi wa habari, sikusomea ufugaji, lakini mtu atokaye Nairobi huonekana kijijini kana kwamba anajua kila kitu, nami sikutaka kuwavunja moyo. Nikasema, "Niachieni mimi. Huyu mnyama siku zake zimefika."

Siku ya pili niliingia katika duka moja la dawa za shamba, nikanunua dawa kali ya kuua wadudu. Muuzaji hakuniuliza nina shamba la nini. Jioni niliitia ndani ya mzoga wa kuku mmoja na kuutega nyuma ya banda. Mama alisimama mlangoni akinitazama.

"Hiyo dawa yako ina macho?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba asiwe na wasiwasi. Laiti ningalimsikiliza!

Asubuhi mzoga haukuwapo. Nilifurahi nikaomba chai. Kabla sijamaliza kikombe, mtoto wa jirani alikuja mbio akihema. Mbwa wao alikuwa amelala njiani kando ya shamba, povu mdomoni, na haamki.

Mbwa huyo hakuwa mbwa wa mapambo. Mwenyewe ni mzee mjane ambaye hulinda miraa yake usiku, kwa sababu miraa huibwa ikiwa mtini. Mbwa yule ndiye aliyekuwa masikio yake. Na usiku wa pili baada ya hapo, mwuaji wetu alirudi kwa raha zake akachukua kuku wengine wawili.

Mimi na mama pekee ndio tuliojua siri. Kijijini maneno yalikuwa mengine. Ilisemekana kwamba mbwa amepewa sumu na wezi wa miraa, na jina la kijana fulani, ambaye hapo awali aligombana na mzee yule, likaanza kutajwatajwa. Mwanzo lilinong'onwa. Kufikia Ijumaa lilikuwa likitajwa waziwazi penye kioski cha chai. Ninyi mnaosoma magazeti mnajua jinsi mambo ya aina hiyo yanavyoweza kumalizika kwa mawe na tairi.

Nilikuwa nimekwisha kufunga mkoba wangu nirudi Nairobi. Kazi ilikuwa ikinisubiri, ndivyo nilivyojiambia. Mama aliketi kwenye kigoda, akaniambia polepole: "Kijana wa watu akipigwa kwa ajili ya kuku wangu, mayai hayo nitayalaje?"

Niliuweka mkoba chini, nikaenda kwa mzee.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Huyo uliyemtegea ulimwona?" Nikasema sikumwona. Mzee akatikisa kichwa. "Basi umemhukumu usiyemjua, ukamwua unayemjua." Sikuwa na jibu. Alinitaka mambo mawili tu: niyaseme hayo mbele ya watu wale wale waliomtaja kijana, na nimtafutie mtoto wa mbwa. Yote mawili niliyafanya. La kwanza lilikuwa gumu zaidi. Nilisimama penye kioski, jasho likinitoka kama mtu anayelima, huku kijana mwenyewe akinitazama bila kupepesa macho.

Jumapili yake mzee alikuja kwetu bila kualikwa. Alilizunguka banda la mama mara mbili, akainama, akanusa, kisha akanyosha fimbo yake kuelekea juu, mahali ambapo mabati hayakukutana na ukuta. Upenyo wenyewe ulikuwa wa vidole vinne. Kwenye ubao palikuwa na unyoya na alama za kucha.

"Kanu," alisema.

Wenye umri wangu mkisikia neno hilo mnakumbuka chama kilichotawala nchi hii hadi 2002, ambacho alama yake ilikuwa jogoo. Lakini huyu ni kanu mwenye miguu minne, mnyama mwembamba mwenye madoadoa na mkia mrefu wa mapete, hodari wa kupanda miti. Naye jogoo hakumtaka kwa alama. Alimtaka kwa chakula!

Siku hiyo nilifundishwa mambo ambayo chuoni hayakuwapo. Kwanza, soma alama kabla ya kutoa hukumu. Vifaranga wakitoweka mchana bila kuacha hata tone la damu, mshuku mwewe, kipanga au nguchiro mwembamba atembeaye mchana. Ukikuta manyoya yamenyonyolewa na kurundikwa mahali pamoja, huyo ni ndege. Mayai yakipasuliwa kando ya jiwe, ni nguchiro, kwa maana yeye hulirusha yai nyuma kati ya miguu yake mpaka livunjike. Kuku wengi wakiuawa usiku kwa kuumwa shingo, huyo ni kanu au kicheche. Haui wengi kwa chuki. Kuku wanaporukaruka ndani ya banda wasipate pa kukimbilia, silka yake humwambia aume kila kinachotikisika.

Pili, dawa ya mwizi wa kuku ni mlango. Tulilibomoa banda tukalijenga upya juu ya nguzo zenye urefu wa mita moja, kila nguzo ikavikwa bati laini ili kucha zisishike. Madirisha tuliyatia waya mgumu wenye matundu madogo. Ule waya mwepesi wa kuku huwazuia kuku kutoka tu, lakini haumzuii mwenye meno kuingia. Penye ua wa vifaranga tuliuzika waya futi moja ardhini, maana nguchiro na kicheche ni wachimbaji. Pengo lolote la kupita vidole viwili liliziwa.

Tatu, saa. Kuku hufungiwa kabla ya giza kuingia na kufunguliwa jua likishachomoza vizuri. Mayai huokotwa kila jioni, na mabaki ya chakula hayaachwi uani, kwa sababu huwaita panya, na panya nao huwaita wenye kuwinda panya.

Kuhusu mwewe, vifaranga sasa hukaa chini ya tenga au ndani ya ua wenye wavu juu mpaka watimize karibu miezi miwili. Tumeacha vichaka na matete pembezoni mwa uwanja ili kuku wapate pa kujificha jogoo akipiga ukelele. Mama pia amening'iniza CD kuukuu na utepe wa kaseti zangu za zamani, vinametameta juani. Huwa anazihamisha kila baada ya siku chache, maana mwewe si mjinga. Akizizoea, atakuja kutua juu yake.

Niliporudi Nairobi nilisoma zaidi juu ya sumu, nikaona aibu mara ya pili. Nchini mwetu dawa ya wadudu iitwayo carbofuran ilitumiwa kuwaua simba, na tai waliokula mizoga hiyo wakafa pia, mpaka watengenezaji wake wakaamua mwaka 2009 kuiondoa katika maduka ya Kenya. Mwaka 2015 aina kadhaa za tai wala mizoga wa Afrika ziliorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na sumu ni mojawapo ya sababu. Yote huanza na mtu mmoja mwenye hasira na mzoga mmoja.

Sisemi kwamba mkulima hana haki ya kukasirika. Mbuga ya Meru iko upande wetu wa chini, na ndovu akivunja shamba au simba akiua ng'ombe, sheria ya wanyamapori ya 2013 inazungumzia fidia. Kanu na nguchiro hawamo katika orodha hiyo. Kuku wa mama hawana serikali. Lakini wanyama hao hao ndio wanaokula panya wa ghala la mahindi, na yule tai mwenye kishungi aketiye juu ya nguzo za stima huko kwetu, ambaye watoto humtupia mawe, chakula chake kikubwa ni panya. Tukiwamaliza wote, panya watatuuliza tulikuwa tunafikiri nini.

Mwezi uliopita mama alinipigia simu tena alfajiri. Niliruka kitandani. "Mwanangu," alisema, "kanu amekuja jana usiku. Nimeona nyayo zake chini ya banda." Nikamuuliza kwa hofu ni kuku wangapi.

"Hakuna," akajibu. "Alizunguka, akachoka, akaenda. Na mbwa wa mzee alibweka mpaka asubuhi."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga banda, nikanunua mbwa, na nikasimama mbele ya watu kuomba msamaha. Wewe uliye na ufa wa vidole vinne chini ya mabati, uzibe leo.