Novemba ya maua mawili

Jumamosi, 2 Novemba 2024, London

Wazee wote wa nyumba hii wamebandikwa ua jekundu la popi, la kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, hata yule asiyejua tena yuko wapi. Bibi wa ghorofa ya pili amelikataa. (Hapa wanamwita kwa jina lake tupu, ulimi wangu haujakubali.) Akanituma droo ya chini, nikakuta ua jeupe la kitambaa, limeanza kuingia umanjano. Ni la marehemu mama yake, aliyekuwa katika chama cha wanawake wa ushirika kilicholianzisha mwaka 1933. Wengi wao walikuwa wamepoteza waume, kaka na wana, na wakaona mashada yanawekwa huku silaha zinaundwa upya. Wapo waliofukuzwa kazi kwa kulivaa. Nimembandikia, na lile jekundu nimelirudisha kwenye boksi la mapokezi.

Jumatatu, 4 Novemba

Mpishi ameliona. Alipigana Helmand, Afghanistan, na si mtu wa maneno mengi, lakini leo aliyatoa. Kwake hilo ni tusi. Nikamweleza kwamba jeupe ni la wote waliouawa vitani, wa kila taifa, raia na wanajeshi. “Wao wanataka niwakumbuke watu wote,” akasema. “Mimi nawakumbuka wawili.”

Sikuwa na jibu, na hadi sasa ninapoandika sina. Isitoshe, ua lake lina kazi: tangu 1921 fedha zake zinawasaidia askari na familia zao, na mwenzake mmoja alilipiwa kodi ya nyumba alipokwama. Jeupe halijawahi kumlipia mtu kodi. Kinachonichosha ni hawa wanaolifanya jekundu kuwa sare, mtangazaji akionekana bila ua basi ni msaliti. Mpishi mwenyewe hana tabia hiyo. Alichukia, akanipa chai.

Jumapili, 10 Novemba

Nilikuwa zamu ya mapumziko. Sikwenda Whitehall kwenye kumbukumbu ya kitaifa, yenye bendi na wakubwa. Nikaenda Tavistock Square, wanakokusanyika wa maua meupe. Bustani ile ina sanamu ya Gandhi, mcheri wa kuwakumbuka watu wa Hiroshima, na jiwe la mwaka 1994 la heshima kwa waliokataa kuua.

Mbele ya jiwe hilo ndipo nilipotengana nao kidogo. Uingereza ilipoanza kuandikisha watu jeshini kwa lazima mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, sheria iliacha upenyo: mwenye dhamiri iliyomkataza kuua alikwenda mbele ya baraza akajieleza. Wengi hawakuaminiwa, wakafungwa, na wengine walifia huko. Siwabezi hata chembe. Ila mwaka huohuo Waingereza, wakipigana na Wajerumani, waliingia Morogoro, na babu yake baba akachukuliwa kuwa mpagazi. Baraza lake lilikuwa wapi? Alipewa mzigo wa kubeba kichwani, akaelekezwa njia ya Rufiji. Waliokuwa naye walikula unga wa mahindi usioiva, wakaharisha damu, wakatetemeka homa chini ya mvua. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kukaribia laki moja, na wengi wao hawakuguswa na risasi.

Ua jekundu lilishonwa kwa ajili ya askari, naye hakuwa askari. Jeupe linasema linamkumbuka kila mtu, sawa, lakini jiwe walilolizunguka ni la mtu aliyeweza kusema hapana. Nilitaka kumwambia mama mmoja aliyenikaribisha kwa upole sana. Nikaona si mahali pake, au niliogopa.

Jumanne, 12 Novemba

Nimempigia shangazi Dar. Baada ya shikamoo na habari za magoti nikamuuliza kuhusu yule babu. Akanikumbusha sanamu ya Askari pale mjini, iliyowekwa 1927 kwa ajili ya Waafrika wa vita hivyo. Maandishi yake yalitungwa na mshairi wa Kiingereza, Kipling, na yanaahidi kwamba ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Jina lenyewe halimo, la mtu yeyote. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyohivyo, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika na wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

“Sisi tunamsomea, mwanangu,” shangazi akasema. “Kila hitima ya Shaabani anatajwa, yeye na baba yake. Hayo maua ya karatasi ya nini?” Kisha akauliza mchango wangu wa mchele nitautuma lini.

Jumatatu, 25 Novemba

Leo nimemwambia mpishi kwamba kwetu Vita vya Kwanza vya Dunia havikuisha tarehe 11 Novemba kama Ulaya. Mjumbe wa Waingereza aliyebeba habari za amani kwa pikipiki alikamatwa na Wajerumani tarehe 13, na jemadari wao, Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha tarehe 25, Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Hadi siku hiyo wapagazi walikuwa bado na mizigo.

Akauliza maswali ya kijeshi: umbali, chakula, nani alizika. Halafu akauliza mshahara. Nikamwambia fedha za maelfu ya waliokufa hazikuwafikia ndugu zao, zilibaki serikalini. Akaweka kisu chini. Ua jeupe bado hataki kulisikia, lakini hili la mshahara lilimpandisha hasira kuliko ua, akanihoji mpaka viazi vikachelewa: ofisi gani, na nani alitia saini?