Usoga au Rusinga

Ukutani kwa babu yangu, Mwisenge, Musoma, ilining'inia picha ya meli iliyochorwa kwa rangi za mafuta. Haikuwa na jina la meli, la mchoraji wala mwaka. Babu alizawadiwa alipostaafu kazi bandarini. Mwaka 1974, nikiwa darasa la tatu, kila mgeni aliyekaribishwa sebuleni alikuwa na jibu lake. Wengi walisema ni Victoria, kwa sababu ndiyo waliyoipanda.

Babu hakupenda majibu ya haraka. Alinikalisha mkekani, akanifundisha kuisoma picha.

"Anza na bomba, mjukuu wangu."

Bomba lilikuwa moja, jembamba, limesimama wima, na moshi mweusi ukitoka. Basi haikuwa Victoria. Hiyo iliundwa Glasgow, ikaunganishwa Kisumu na kuanza safari 1961, na ni meli ya dizeli. Tukashuka kwenye sitaha. Uhuru na Umoja tukaziondoa pia, maana hizo zina sitaha ndefu ya kubebea mabehewa ya treni. Iliyobaki ilikuwa meli ya mvuke, ya enzi za ujana wa babu.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mahali. Baba mdogo, aliyeishi Bunda, alishikilia kwamba mlima wa nyuma ni Balili. Babu hakubishana naye. Jumamosi moja tulipanda basi hadi Bunda, tukaazima baiskeli, tukaenda Nyatwali, ukingoni mwa Ghuba ya Speke. Hapo babu aliyapa maji mgongo, akautazama Balili kimya kwa muda mrefu, kisha akauchora mgongo wa mlima huo kwenye kipande cha boksi la sabuni.

Nyumbani tulikiweka kipande kile kando ya picha. Mlima wa mchoraji ulikuwa mfupi zaidi, umelala. Mbele kabisa, chini kushoto, kulikuwa na majabali mawili yaliyoegemeana, katikati yake upenyo wa kupita mtoto. Nilipiga kelele: upenyo ule niliujua, nilikuwa nikijificha humo tukienda kuoga ziwani. Mchoraji alisimama kwenye ufuko wetu wa Musoma, akatazama ng'ambo ya ghuba ya hapo, vilima vya Kinesi.

Sasa ikabaki meli yenyewe. Babu alisema ni Usoga au Rusinga, meli pacha zilizoundwa Paisley, Uskoti, mwaka 1913 kwa ajili ya Reli ya Uganda, zikaletwa vipande vipande hadi Kisumu. Alikuwa amepakia mizigo kwenye zote mbili. Lakini pale puani, jina lilipopaswa kusomeka, mchoraji alipitisha mstari mmoja tu wa rangi nyeupe. Nilimsihi achague moja.

"Nikichagua kwa kubahatisha," alisema, "mwanao atakuja kuuapia uongo wangu."

Akachukua penseli ya seremala, akaigeuza picha, akaandika: Usoga au Rusinga. Musoma, kutoka kwenye majabali. Nyuma ni Kinesi.

Ukubwani nilisoma habari za Eckersberg, mchoraji wa Denmark, ambaye mwaka 1828 alichora manowari ya Kirusi Azov ikiwa imetia nanga Helsingør. Watazamaji wa picha za bahari za huko hutafuta minara ya ngome ya Kronborg ili wajue mchoraji alikuwa kwenye mlango upi wa bahari, kisha huhesabu milingoti na kusoma bendera. Nilimkumbuka babu na kile kipande cha boksi. Kazi ni ileile: nchi kavu inakupa mahali, umbo la chombo linakupa jina, na ushahidi ukifika mwisho, nawe unasimama hapo.

Picha sasa iko kwangu Butiama, mbali na maji. Mara mbili watu waliotaka kuinunua wameniomba nifute maneno mawili nyuma yake, ili meli iwe na jina kamili na bei ipande. Penseli hufutika kwa urahisi. Lile "au" bado lipo, kwa mwandiko wa babu.