Vuli ya 1967, Briggs Alipotoweka

Nilikwenda Chicago mwaka 1966 kusomea uhandisi wa umeme, na vuli ile ile televisheni ya CBS ikaanza kurusha Mission: Impossible, kipindi cha kikosi cha majasusi. Bweni letu lilikuwa na televisheni moja tu, nyeusi na nyeupe, na siku ya kipindi ukumbi ulijaa.

Kiongozi wa kikosi msimu wa kwanza alikuwa Dan Briggs, yaani Steven Hill, bwana wa uso mkavu. Hill alikuwa Myahudi mshika dini: Ijumaa jua likizama, haigizi tena mpaka Sabato iishe. Ratiba ikawabana watengenezaji, na kadiri msimu ulivyosonga, Briggs tulimwona kwa nadra. Anasikiliza maagizo, anachagua picha za watu wake, basi.

Septemba 1967 msimu wa pili ukaanza, na aliyesikiliza maagizo ni mwingine kabisa: Jim Phelps, mrefu, mwenye mvi, akiigizwa na Peter Graves. Hakuna aliyeaga wala aliyeeleza. "Kwani Briggs kauawa?" akauliza mwenzangu wa Kampala. Kipindi hakikumjibu kamwe.

Mengine yalibadilika taratibu. Martin Landau, aliyetajwa msimu wa kwanza kama mwigizaji mgeni, sasa alikuwa mwenyeji. Briggs alizoea kuwaita wataalamu wa mara moja. Phelps alitegemea zaidi watu wale wale, naye mwenyewe akaingia kazini. Hadithi zikakazwa. Unamwona mtu anatoboa ukuta, hujui kwa nini, hadi dakika za mwisho.

Mtoboaji huyo aghalabu alikuwa Barney Collier, fundi wa umeme, Mwafrika-Mmarekani, akiigizwa na Greg Morris. Julai ya mwaka huo Detroit ilikuwa imewaka moto kwa ghasia za ubaguzi wa rangi, wakafa watu 43. Basi bwenini tulibishana juu ya Barney. Wengine walilalamika kwamba kikosi kikienda Ulaya Mashariki, Barney hufichwa chini ya sakafu au ndani ya mabomba ya hewa, huku wenzake wakila dhifa na majenerali. Walisema kweli. Lakini mimi, niliyeshinda maabara nikihangaika na saketi, niliona kwamba bila yeye, vinyago vya Landau vya kujigeuza sura na urembo wa mwigizaji mwenzake, Barbara Bain, visingefungua kasha hata moja.

Landau na Bain waliondoka 1969. Barney alikuwapo tangu mwanzo hadi kipindi kilipofungwa 1973. Wajukuu wakiniuliza nyota wa Mission: Impossible ya zamani alikuwa nani, simtaji Phelps.