Bonde la Carnia na Vitara vya Wakosaki

Mto Tagliamento hautiririki, unasukwa. Hapo Tolmezzo, kaskazini mashariki mwa Italia, kitanda chake ni uwanja mpana wa kokoto nyeupe, na juu yake vijito vya rangi ya feruzi vinajisuka na kufumuka kama nywele mikononi mwa msusi. Milima imeukumbatia mji pande zote. Hii ndiyo Carnia, nchi ya mabonde ndani ya mkoa wa Friuli, ambako wenyeji wana lugha yao, Kifriuli, na neno lao la kuagana: mandi.

Nilifika mchana, na chakula cha kwanza kikanipatanisha na baridi. Frico ni jibini iliyopikwa kikaangoni pamoja na viazi mpaka ikashika ukoko wa dhahabu. Huandamana na polenta, ambayo Mswahili hana haja ya kuelezwa: ni ugali wa mahindi, wa njano. Niliula kwa mkono, na hakuna aliyenishangaa.

Kilichonileta huku ni kitara. Claudio Magris, mwandishi wa Trieste, alitoa mwaka 1984 kitabu chembamba kuhusu kitara kimoja na uvumi uliokizunguka: kwamba Jenerali Pyotr Krasnov, Mkosaki mzee aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya, alizikwa katika mabonde haya. Ukweli ni kwamba Krasnov alinyongwa Moscow mwezi Januari 1947. Lakini uvumi ulikuwa na mahali pa kuotea mizizi, kwa sababu Krasnov aliishi kweli Verzegnis, ng'ambo ya mto kutoka Tolmezzo, katika miezi ya mwisho ya Vita vya Pili vya Dunia.

Wakosaki, wapanda farasi wa nyika za Urusi waliopigana upande wa Ujerumani, waliletwa Carnia na Wajerumani kuanzia kiangazi cha 1944. Hawakuwa jeshi tu. Walikuja na wake, watoto, wazee, makasisi, farasi na mikokoteni, maelfu kwa maelfu, wakiwa wamewakimbia Wasovieti tangu mito ya Don na Kuban. Tarehe 10 Novemba 1943 viongozi wa Kinazi Keitel na Rosenberg walikuwa wametia saini tangazo la kuwaahidi ardhi ya muda popote pale hadi warudi kwao. Ahadi hiyo ikatimizwa kwa nyumba za watu wengine. Huko Alesso, kijiji kilicho karibu na ziwa Cavazzo, wenyeji walifukuzwa, na Wakosaki wakakiita Novocherkassk. Leo ziwa lile limetulia, kijani kama jani la mgomba baada ya mvua, na mtu anayeogelea pale hawezi kuhisi kwamba jina la kijiji hicho liliwahi kuporwa.

Kitara chao huitwa shashka. Kina makali upande mmoja, kimepinda kidogo tu, na mpini wake hauna kinga ya vidole. Uhodari wake uko katika namna ya kukivaa: huning'inizwa makali yakitazama juu, ili kuchomoa na kukata kuwe tendo moja. Ni silaha ya mtu aliyeko juu ya farasi, mtoto wa nyika isiyo na mwisho. Nilipopanda kutoka Tolmezzo kwenda Paluzza, njia ikizidi kubanwa kati ya mto But na ukuta wa mwamba, nilielewa kwa miguu kile ambacho vitabu havikunionyesha. Hapa farasi hana pa kukimbilia. Kitara kilibaki cha heshima, kama jambia kiunoni mwa bwana harusi.

Kilichoua ni risasi. Wajerumani walikuwa na akiba kubwa ya bunduki zilizotekwa kwa Wasovieti, na vikosi vya Wakosaki viligawiwa nyingi kati ya hizo: Mosin-Nagant, iliyobuniwa mwaka 1891 na inayobeba risasi 5, na PPSh-41, bunduki ya rashasha yenye kasha la duara la risasi 71. Kando yake palikuwa na Mauser za Kijerumani na silaha zilizotoka kwa Waitalia. Mchanganyiko huo ulikuwa mzigo. Risasi ya Mosin ni ya milimita 7.62, ya Mauser ni 7.92, mwenzako akiishiwa huwezi kumwazima. Mpiganaji anayetegemea bunduki ya kutekwa, ghala lake liko kwa adui.

Wakosaki walipambana na wapiganaji wa msituni wa Kiitalia waliokuwa wameunda jamhuri yao wenyewe, makao yake Ampezzo, iliyodumu hadi Oktoba 1944. Katika jamhuri hiyo wanawake waliokuwa wakuu wa kaya walipiga kura, kabla Italia haijawapa wanawake wote haki hiyo. Sikushangaa. Kijiji cha Timau, chini ya njia ya kuvukia mpaka, kinamkumbuka Maria Plozner Mentil, mama wa watoto wanne, aliyepigwa risasi mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwapelekea askari mahitaji mlimani. Wanawake wa huku walibeba chakula na risasi mgongoni, ndani ya tenga, wakipanda kuta ambazo mimi nilizitazama tu nikachoka. Kwangu tenga hilo ni fahari ya Carnia kubwa kuliko kitara chochote.

Njia yenyewe ya mpakani iko mita 1,357 juu ya bahari. Mwanzoni mwa Mei 1945 Wakosaki waliipanda na mikokoteni yao, theluji ikianguka, wakaingia Austria na kushukia bonde la mto Drau, jirani na mji wa Lienz. Huko walijisalimisha kwa Waingereza. Tarehe 27 Mei maofisa walitakiwa kukabidhi silaha zao. Kesho yake waliambiwa wanakwenda kwenye mkutano. Wakakabidhiwa kwa Wasovieti. Tarehe 1 Juni, kambini Peggetz, askari wa Uingereza walizivamia kwa vitako vya bunduki na marungu familia zilizokuwa zimekusanyika kwa sala. Wengine walijitupa mtoni pamoja na watoto wao.

Simsamehe aliyechukua nyumba ya mtu Alesso. Lakini mtoto aliyezama Drau hakuwa amebeba bunduki.

Peggetz kuna kiwanja kidogo cha makaburi, kimezungukwa na miti, na mto unasikika. Ukizuru Carnia, usigeuzie mpakani. Vuka mlima, ufike hapo, ukae kimya kidogo.